Mheshimiwa Waziri, tuambiwe saa ya kweli ya ndege

Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi, Kinshasa.

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Ninakuandikia matanga yakiwa bado nyumbani kwetu, kwa sababu kaka yangu mkubwa amezikwa Kinshasa wiki iliyopita bila mimi, nami nilikuwa na tiketi mkononi.

Kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege hapa Lubumbashi, hadi N'djili, ule wa Kinshasa, angani ni zaidi kidogo ya kilomita 1,500, na ndege ya jeti huzimaliza kwa muda wa saa mbili hadi mbili na nusu. Tiketi yangu ilionyesha kuondoka 9:00 na kufika 10:20. Mama alidhani ni safari ya saa moja na dakika ishirini, nikamweleza kwamba saa ya Kinshasa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwa hesabu hiyo niliwahakikishia ndugu kwamba mazishi ya saa tisa alasiri yatanikuta huko.

Tulisubiri tangu alfajiri. Kila tulipouliza, watumishi wa kampuni walijibu kwamba ndege iko njiani. Mama mmoja alitandika kitenge sakafuni akamlaza mtoto wake; nami niliishika karatasi ya Go-Pass, ile ya ushuru wa uwanja wa ndege, muda mrefu hata jasho likafuta wino. Jioni watumishi walivua beji zao, wakaondoka bila kutuaga. Usiku shemeji alinipigia simu: "Tumeshamzika." Tuliruka kesho yake jioni.

Abiria walinong'ona kwamba ndege yetu ilipelekwa kwanza mji wa Mbuji-Mayi. Sina ushahidi, ila nadhani kampuni ina ndege moja na inauza safari za ndege tatu. Kama ni hivyo, walijua tangu asubuhi, wakatuficha.

Mheshimiwa, sisi hatuna njia nyingine ya kukimbilia. Treni inaishia Ilebo, na kutoka hapo ni kutafuta mashua ya kushuka mto Kasai. Mwenye msiba hawezi kwenda hivyo, na barabara nayo unaijua. Ndiyo maana tunalipa tiketi kwa pesa ya kukopa, na tangu 2009 tunalipa Go-Pass, ambayo tuliambiwa itatengeneza viwanja vyetu vya ndege. Kulipa sikatai. Lakini anayelipa hivyo anastahili kujibiwa ukweli anapouliza.

Ninaomba ulazimishe kampuni za ndege kuwatangazia abiria saa ya kweli mara tu zinapojua kwamba ndege itachelewa, na kumrudishia pesa yake siku ileile asiyeweza kungoja. Likikushinda hili la pili, basi hilo la kwanza tu: tuambiwe saa ya kweli. Ningeambiwa asubuhi ile, ningewapigia ndugu simu, nao wangeahirisha mazishi hadi siku ya pili. Walikuwa tayari kunisubiri.

Mama anasafiri juma lijalo kwenda kuliona kaburi la mwanawe. Tafadhali, yeye aambiwe.

Kwa heshima,
Abiria mmoja, mkaaji wa Katuba