Baba, nahitaji vipimo vya jahazi la Babu

London, usiku wa Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Asalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Nakubusu mkono, na Mama nambusu mkono, na shangazi pia. Ama baada ya salamu, mimi sijambo, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia lakini nyumba ina joto, na basi naliendesha zamu ile ile ya usiku. Watoto wazima. Mkubwa anakusalimu kwa Kiswahili chake cha kusitasita.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu tunamaliza salamu na mtandao unakatika kabla sijafikia neno langu. Na neno langu la leo ni refu, tena linahusu kazi yako.

Ndani ya bahasha kuna picha nne. Ile merikebu unayoiona mezani, karibu na birika la chai, ina urefu wa sentimita 67 na upana wa sentimita 11 na ushei. Nimeijenga mimi, Baba. Imenichukua miaka mitatu, saa moja moja kabla ya kwenda zamu. Huku kuna watu wazima, wengi wao wastaafu, ambao kazi hii ndiyo burudani yao: wanazichukua merikebu za zamani za wafanyabiashara na kuzijenga upya kwa udogo, mbao kwa mbao, kamba kwa kamba. Mzee mmoja jirani yangu, fundi wa mabomba aliyestaafu, aliniona nimesimama mara nyingi mno mbele ya dirisha lake nikiangalia merikebu yake. Siku moja akafungua mlango akaniambia niingie. Nilipomwambia kwamba baba yangu ni fundi wa majahazi, alininyanyukia kutoka kitini. Sijasahau.

Merikebu niliyoijenga, ile yenyewe kubwa, inaitwa Cutty Sark. Iko hapa hapa London, Greenwich. Ilishushwa majini huko Dumbarton, Scotland, tarehe 22 Novemba 1869, ikiwa imekusudiwa kuleta chai kutoka China kwa kasi kuliko nyingine zote. Siku tano kabla yake Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa, na meli za moshi zikapata njia ya mkato ambayo merikebu za tanga hazikuweza kuitumia. Basi ilizaliwa nzuri kupita zote, na riziki yake tayari imeanza kuchukuliwa. Hilo ndilo lililonifanya niichague hii na si nyingine. Nilikumbuka mwaka mliposhusha lile jahazi lenu la mwisho pale Matondoni, kijiji kizima kikivuta kamba na kuimba, ilhali mzigo umeshahamia kwenye malori ya Mokowe, upande wa bara.

Waliojenga waliumia pia. Walikubali paundi 17 kwa kila tani, wakaishiwa na fedha kazi haijaisha, na ikabidi mafundi wengine waimalize. Najua wewe utalielewa hilo kuliko mtu yeyote niliyemsimulia huku.

Lakini kisa nilichotaka kukusimulia ni cha fundi wake. Mwaka 1872 ilitoka Shanghai pamoja na mshindani wake mkubwa, Thermopylae, zote zimejaa chai. Zilipokwisha kupita mlango wa Sunda, huko Indonesia, Cutty Sark ikatangulia mbali. Kisha katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii hii, ikakutana na tufani na usukani ukang'oka ukaenda zake. Ndugu wa mwenye merikebu alikuwamo chomboni. Akataka waingie bandari ya Afrika Kusini. Nahodha akakataa. Seremala wa merikebu, Henry Henderson, akatengeneza usukani mpya kwa miti ya akiba iliyokuwamo, juu ya sitaha inayopanda na kushuka, chuma kikifuliwa pale pale huku bahari ikiwamwagikia. Kisha wakaufunga nyuma ya merikebu, katikati ya maji makuu, pasipo gudi wala ufuo. Walifika London wiki moja tu nyuma ya Thermopylae. Mwenzao alishinda mbio, lakini hadi leo anayetajwa ni yule seremala. Nilipoisoma habari hii nilikuwa ndani ya basi, nimefika kituo cha mwisho, na nilikaa pale nikikuona wewe.

Baadaye iliacha chai ikabeba sufu ya Australia, na mwaka 1885 nahodha Richard Woodget aliitoa Sydney akaifikisha Uingereza kwa siku 73. Ikauzwa kwa Wareno, ikanunuliwa tena na Mwingereza mwaka 1922, ikaungua ikiwa katika matengenezo mwaka 2007, ikapona kwa kuwa mbao zake nyingi zilikuwa zimeshatolewa. Tangu 2012 wameinyanyua zaidi ya mita 3 juu ya sakafu ya gudi, na mtu anaweza kupita chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Mimi nimepita mara nyingi. Ukisimama pale chini na kuangalia juu, ubavu unavyopanda ukijitanua na kujikusanya tena mbele kuelekea omo, ni kama nilivyokuwa nikilala mchangani chini ya chombo chako kwa ajili ya kivuli. Tofauti ni harufu. Pale hakuna sifa, yale mafuta ya samaki tunayopaka vyombo.

Sasa kazi yenyewe. Kipimo nilichotumia ni moja kwa 96, yaani dhiraa moja ya merikebu kwangu ni nusu sentimita tu. Mtu mzima angekuwa na urefu usiofika sentimita 2. Na wao hujenga kinyume na unavyojenga wewe. Wewe huweka mkuku, ukasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, ukapanda na mbao za kwanza, na mataruma yakaja kulifuata umbo ambalo jicho lako limeshaliona. Huku umbo liko kwenye karatasi. Mataruma hukatwa yote kwanza kwa kufuata mchoro, yakapangwa juu ya mkuku kama mbavu za samaki, ndipo mbao zikaja kufunika. Mwanzoni niliona ni njia ya mtu asiyejiamini. Sasa sioni hivyo. Wao walichora kwa sababu aliyebuni na aliyepiga nyundo walikuwa watu wawili.

Na kosa langu la kwanza lilikuwa kosa ambalo wewe usingelifanya. Mkuku wangu ulikuwa umejipinda kidogo, unywele tu, nami nikagundisha mataruma juu yake bila kuubana kwenye ubao ulionyooka. Nilipomaliza kupigilia mbao, ubavu wa kushoto ulitokeza kuliko wa kulia kwa milimita 3. Fanya hesabu: kwenye merikebu yenyewe hiyo ni sentimita 29, shibiri moja na zaidi. Nilibomoa kazi ya miezi minne. Usiku ule nilikukumbuka ukivuta uzi juu ya mkuku kila asubuhi kabla hujashika tezo, hata siku ambazo hakuna kitu kilichoguswa tangu jana. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Nilikuwa na miaka kumi na minne, uliniita nishike upande wa pili wa uzi, nami nikakimbilia mpira. Nisamehe, Baba. Nimeushika sasa.

Mbao zenyewe ni nyembamba kama kucha. Hulowekwa kwenye maji ya moto, zikapindwa taratibu na kuachwa zikauke mahali pake, na ukizilazimisha zinavunjika kwa mlio mdogo unaouma moyo. Natoboa kwa keke ya umeme isiyozidi ukubwa wa kalamu. Chini ya mstari wa maji, merikebu ile ilivishwa mabati ya shaba iliyochanganywa na zinki, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao, kazi ambayo kwetu hufanywa na deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta. Mimi nilibandika vipande vya shaba vya milimita 12 kwa 4, kimoja kimoja, kila kimoja kikilalia kidogo kile cha jirani. Vilikuwa 2,000 na ushei. Mke wangu alihesabu nami mpaka 300, kisha akaniachia.

Kamba ndizo zilizonifunza zaidi. Merikebu yenyewe ina zaidi ya kilomita 17 za kamba, na milingoti mitatu, ule mkubwa ukiwa na mita 46 juu ya sitaha. Ukitengeneza kwa udogo huwezi kudanganya. Kila uzi lazima uwe na mwanzo na mwisho: unatoka kwenye mti upi wa tanga, yaani foromali ipi, unapita kapi gani, unafungwa wapi, na nani huuvuta. Nilidhani nazijua kamba kwa kuwa nimezaliwa katikati yake. Siku mzee wa mabomba aliponiuliza, jahazi la kwenu, jarari, kamba ile ya kupandisha foromali, linashuka upande gani na kufungwa wapi, sikuweza kumjibu. Nimelala juu ya kamba ile, Baba. Nimeivuta pamoja nawe tukitoka Lamu kwenda Malindi. Nikakaa kimya mbele yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza kuhusu vyombo vyetu. Unaukumbuka mtepe, aliokuwa akiusimulia Babu, uliofumwa kwa kamba za kumbaa bila msumari hata mmoja, tanga lake mkeka, omo yake kama shingo ya ngamia? Mitepe ya Pate na Faza ilibeba boriti hadi Unguja, na karne iliyopita ikamalizika yote. Wachache sana waliandika jinsi ya kuifuma wakati mafundi wake wako hai. Sehemu kubwa ya tunachojua leo imetoka kwenye picha chache na mitepe midogo ambayo watu walitengeneza, na umejionea mwenyewe uliomo makumbusho ya Lamu. Kile kidogo, ambacho huenda mtu alikiona ni mchezo, ndicho kilichobaki.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nataka kujenga jahazi la Babu. Mdogo wangu ameniambia limelazwa kando ya mikoko, shetri kule nyuma imeshafunguka, na kuna mtu anataka kununua mbao zake. Nakuomba, kabla hajaja huyo mtu, nipatie vipimo.

Najua utasema chombo hakichorwi, chombo hutazamwa. Umeniambia hivyo toka nikiwa mdogo, na kwa mkono wako ni kweli. Lakini mimi niko mbali siwezi kulitazama, na wajukuu zako hawajaliona kabisa. Naomba jicho lako liniazime namba.

Mwite mdogo wangu ashike daftari, wewe useme. Vuta uzi kutoka hanamu hadi shetri. Halafu chini, kwenye mkuku, piga alama ya chaki kila dhiraa mbili. Kwenye kila alama nahitaji upana wa juu, na kina kutoka usawa wa uzi hadi mkuku. Kwa mviringo wa ubavu, achukue waya mnene wa umeme aukandamize kutoka juu hadi chini, autoe polepole usije ukafunguka, aulaze juu ya magazeti yaliyounganishwa na kuufuatisha kwa kalamu. Upande mmoja unatosha. Wa pili nitauamini kwa kuwa uliuvutia uzi. Mlingoti umeinama mbele kiasi gani? Foromali, unene wake katikati na kwenye ncha. Kana, ule mkono wa usukani. Na lile jarari, Baba: linashuka upande gani, linafungwa wapi? Naomba unieleze kwa maneno yako mwenyewe, naye arekodi sauti kwenye simu aniletee yote bila kufupisha.

Nitalijenga kwa kipimo cha moja kwa 24. Kama ni mita 12 kama nikumbukavyo, litakuwa la nusu mita, na nitaweza kuweka hata mikeka ya ubavuni na jiko la mchanga. Safari hii nitaanza na mbao kabla ya mataruma, kama wewe. Wenzangu wa huku wanasema itanishinda. Huenda, lakini nataka nijaribu kwa njia yenu.

Binamu anakuja mwezi wa pili. Mpe kipande cha bambakofi kutoka kwenye mabaki ya jahazi hilo hilo, dhiraa moja kinatosha, kikavu, kisicho na gamba wala mchanga, ili asipate taabu uwanja wa ndege. Mama namwomba pande la kitambaa cha marekani alilobakisha, lile alilokuwa akitilia viraka tanga. Nitalikata mwenyewe, lakini mshono anifundishe kwenye simu, kwa video, siku ambayo mtandao utatulia.

Yale macho ya mapambo kwenye omo usiyapime kwa futi. Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nikiogelea mpaka chini ya omo na kuliziba jicho la kulia kwa kiganja, nalo likazibika lote, likabaki ukingo mweupe tu. Mchukue mjukuu wako yule wa darasa la pili, mwambie aweke kiganja juu ya jicho, mdogo wangu apige picha, kisha aupime huo mkono.

Wasalaam, nakubusu mkono tena.

Mwanao