Idrisa, usibonyeze Ijumaa

Mbagala, Jumatano usiku

Kwako ndugu yangu Idrisa,

Salaam sana. Mama anaendeleaje na mguu wake? Huku sote wazima, ni joto tu na foleni ya Rangi Tatu vinavyotutesa. Nisamehe jana sikupokea simu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipoamua kukaa chini nikuandikie. Umesema kwa furaha kabisa kwamba Ijumaa usiku unaitoa thimu ya zamani ya tovuti ya shule, ile seti ya mafaili inayoipa tovuti sura, na kuweka ya bloku, inayopangwa kipande kwa kipande, "dakika tano, kazi imekwisha". Nakuomba sana, usibonyeze hiyo Ijumaa.

Thimu za bloku sizipingi. Tangu WordPress, programu inayoendesha tovuti hiyo, ilipotoa toleo la 5.9 Januari 2022 likiwa na Twenty Twenty-Two, thimu yao ya kwanza ya bloku pekee kuja na WordPress yenyewe, sioni sababu ya kumjengea mteja mpya kwa njia ya zamani. Ila tovuti yenye miaka minane ni habari nyingine. Watu hudhani wanabadilisha sura tu, kama kupaka nyumba rangi. Hapa unahama nyumba, Idrisa, tena ya kupanga. Usipojua mapema kipi ni cha mwenye nyumba na kipi ni chako, utafika unakohamia huna hata godoro.

Kilichonishtua ni neno moja ulilolipitia haraka: kwamba ukurasa wa Matangazo fundi wa kwanza aliutengeneza "ndani ya thimu". Maana yake aina hiyo ya makala imesajiliwa kwa amri ya register_post_type kwenye functions.php, faili la msimbo la thimu hiyohiyo unayotaka kuitoa. Ukishawasha thimu nyingine, faili hilo halisomwi tena. Matangazo yote yanapotea kwenye dashibodi, na kila kiungo cha tangazo kinaleta 404, yaani ukurasa haupatikani. Hayajafutika, yamo bado kwenye kanzidata, jedwali la wp_posts. Lakini mweleze hivyo Mwalimu Komba saa tatu usiku, wazazi wakimpigia simu kuuliza tarehe ya kufungua shule.

Kwa hiyo kabla ya jambo lolote, fungua functions.php uisome mstari kwa mstari. Kila kinachohusu sura, kiache, kitakufa na thimu yake. Kila kinachohusu shule, kama hayo matangazo, fomu, msimbo wa kuhesabu wageni, kihamishie kwenye plagini ndogo, kiongezeo kisichotegemea thimu: folda moja ndani ya wp-content/plugins, faili moja la PHP (lugha ya msimbo wa WordPress), juu yake mstari wa Plugin Name, basi. Kitoe kwenye thimu kwanza ndipo uwashe plagini, kwa sababu function yenye jina lilelile ikisomwa mara mbili inaleta kosa la kuangusha tovuti. Kwenye usajili wa tangazo hakikisha kuna 'show_in_rest' => true, la sivyo matangazo yatabaki kufunguka kwa kihariri cha zamani na utashangaa bloku ziko wapi. Ukimaliza, nenda Settings, Permalinks, ubonyeze Save mara moja hata kama hujabadilisha kitu. Bila hivyo unaweza kuziona zile 404 na ukadhani umekosea msimbo.

Vitu vingine vya kubeba ni vidogo, na ndivyo vinavyosahaulika. CSS ya nyongeza (maelekezo ya sura) iliyoandikwa kwenye Customizer, ukurasa wa mipangilio ya thimu ya zamani, imefungwa kwa thimu ile, haivuki. Inakili uiweke kwenye faili la maandishi. Hata hivyo nusu yake haitafanya kazi kwenye thimu mpya kwa kuwa majina ya class ambayo CSS inayalenga ni mengine, kwa hiyo usiibandike yote kwa mkupuo. Wijeti za pembeni, zile zenye namba za simu za ofisi na akaunti ya benki ya ada, thimu ya bloku haina pa kuzipokea, na ukurasa wenyewe wa Widgets hutauona tena. Nakili maneno yake leo. Menyu nazo: bloku ya Navigation inaweza kuchukua menyu ya zamani kupitia Import Classic Menus, lakini inachukua nakala. Baada ya hapo ukihariri ile ya zamani, mpya haisikii. Na kama tovuti ina menyu tatu, usitegemee zijipange zenyewe.

Sasa nakuja kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko yote, na ni lilelile la vitu vinakaa wapi. Kwenye thimu ya zamani, header.php ni header.php. Ukitaka kujua sehemu ya juu imeandikwaje, unafungua faili unaiona. Kwenye thimu ya bloku, folda ya templates ina violezo kama index.html na single.html, folda ya parts ina sehemu ya juu na ya chini, na theme.json imebeba rangi, fonti, nafasi na upana. Safi kabisa, hata kuisoma inafurahisha. Lakini siku mtu anapoingia Appearance, Editor, akasogeza nembo kidogo na kubonyeza Save, WordPress haigusi faili. Inaandika nakala ya kiolezo kizima kwenye kanzidata, na kuanzia hapo nakala hiyo ndiyo inayoonyeshwa. Wewe utahariri parts/header.html, utaipandisha kwenye seva, utafuta kashe, utabadilisha kivinjari, na hakuna kitakachobadilika. Watu wamepoteza siku nzima hapo. Ukikutana na hilo, kitafute kiolezo kwenye orodha ya Editor. Kama kimeguswa kitakuwa na chaguo la Reset. Lakini kabla hujakirudisha, angalia kwanza aliyekigusa alitaka nini, maana Reset inafuta kazi yake.

Ndiyo maana nasema chagueni mapema: ama sura inahaririwa kwenye mafaili, ama kwenye Editor, msichanganye. Kwa kazi kama yako, ya mtu mmoja na shule moja, mimi ningehariri kwenye Editor kwenye tovuti ya majaribio, kisha ningetumia plagini ya Create Block Theme, inayotolewa na WordPress.org wenyewe, kuyahifadhi mabadiliko ndani ya mafaili ya thimu. Hapo unabeba folda moja kwenda kwenye tovuti halisi na kanzidata ya kule huigusi. Faida nyingine, mabadiliko ya Editor nayo yamefungwa kwa thimu. Ukibadilisha thimu kesho hayakufuati, kama ile CSS ya Customizer. Ukiwa nayo kwenye faili, unayo.

theme.json nayo ina tabia moja mbaya. Koma moja ya ziada mwishoni mwa orodha, au alama ya kufunga iliyosahaulika, na faili zima halisomeki. Tovuti inafunguka kama kawaida, ila rangi zako, fonti na upana vyote havipo, na kama WP_DEBUG, swichi ya kuonyesha makosa, imezimwa hutaona neno lolote la kukuonya. Kila ukihariri, lipitishe faili kwenye kikaguzi cha JSON (mtindo ambao faili hilo limeandikwa) kabla ya kulipandisha. Na pale juu weka version 3 kama WordPress yenu ni 6.6 au zaidi.

Kuhusu upana, kuna mambo mawili yatakusumbua, nakwambia kabisa. La kwanza, maandishi ya makala kutanuka ukingo hadi ukingo. Sababu ni kwamba bloku ya Content kwenye kiolezo haijawashwa swichi ya "Inner blocks use content width", kwa hiyo haifuati contentSize, upana wa maandishi, uliyoweka kwenye theme.json. Twenty Twenty-Five, thimu ya bloku ya WordPress wenyewe, wanatumia 645px kwa maandishi na 1340px kwa vitu vipana, anzia hapo. La pili ni kinyume chake: picha uliyotaka ijae kioo chote inabaki na mwanya pembeni. Hapo weka useRootPaddingAwareAlignments kuwa true kwenye sehemu ya settings ya theme.json, na padding ya ukurasa uiandike upande kwa upande, juu, kulia, chini, kushoto. Usiiweke kwa mkato wa mstari mmoja, haitafanya kazi.

Halafu simu na tableti. Bloku ya Navigation hugeuka kuwa kile kitufe cha mistari chini ya 600px, lakini bloku ya Columns hupanga safu zake juu kwa chini kuanzia 781px kushuka. Menyu yenu ina majina marefu, "Fomu za Kujiunga", "Matokeo ya Mitihani", "Wasiliana Nasi". Kwenye tableti ya 768px yatavunjika mistari miwili na kuikalia nembo. Ama fupisha majina, ama weka Overlay Menu iwe Always, kile kitufe kibaki saa zote. Mimi ningefupisha majina. Jaribu kwenye simu halisi ya bei ya kawaida, tena kwa bando, usitumie waifai ya ofisini. Hapa ndipo bloku zinaponifurahisha kwa kweli: thimu ya bloku inapakia CSS ya bloku zilizopo kwenye ukurasa ule tu, wakati thimu ile ya zamani inamshushia mzazi CSS na skripti za slaida hata anaposoma tangazo la mistari minne. Hizo ni MB za mtu, Idrisa. Mzazi wa Chanika amezinunua kwa pesa yake.

Makala za zamani usihangaike nazo sana. Kila moja itafunguka ikiwa ndani ya bloku moja ya Classic, na msomaji ataiona kama kawaida. Zibadilishe kwa Convert to blocks pale tu unapohitaji kuihariri moja. Ila zile kurasa zilizojengwa kwa plagini ya kupanga kurasa ni mtihani. Ukiizima, zinabaki alama za mabano ya mraba zimejaa ukurasa mzima. Hizo zijenge upya kwa mkono, na zihesabu kabla hujamtajia mwalimu bei. Kurasa tano ni jioni mbili. Kurasa arobaini ni mkataba mwingine.

Kelvin anasema thimu za zamani zimekufa. Hazijakufa. WordPress bado inazisoma, na unaweza hata kuweka theme.json ndani ya thimu ya zamani ili kihariri kipate rangi na fonti za shule, ukabaki na header.php yako. Kwa tovuti iliyojaa msimbo wa zamani, hiyo ni hatua ya heshima kabisa, na huenda ndiyo inayokufaa mwezi huu. Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu jioni na bado sijaamua, nitajua nikiiona functions.php.

Jambo la Da Mwajuma wa ofisini nalo. Usimpe akaunti ya Administrator eti kwa sababu ndiye anayebandika matangazo. Mpe cheo cha Editor, yaani mhariri. Hapo ataandika na kuhariri makala na kurasa zote, lakini kihariri cha tovuti nzima hatakiona, kwa kuwa kinadai ruhusa ya edit_theme_options. Namba za simu na akaunti ya ada ziweke kwenye Pattern, kundi la bloku la kutumia tena, na uiache iwe Synced: akibadilisha sehemu moja, zinabadilika kila zilipo. Kurasa zenye mpangilio, kama ule wa ada, funga bloku zake kwa Lock ili asizisogeze kwa bahati mbaya akiwa na haraka. Na mkalishe chini nusu saa umwonyeshe, anajifunza upesi yule mama.

Badala ya Ijumaa, fanya hivi. Chukua bakapu ya vitu viwili, folda ya wp-content na kanzidata kupitia phpMyAdmin, chombo cha kusimamia kanzidata, na uhakikishe faili la SQL linalotoka humo linafunguka, maana likikatika katikati kwa mtandao kusumbua, huna bakapu. Simamisha nakala kwenye laptopu yako. Piga picha za kioo za kila aina ya ukurasa kwenye tovuti ya sasa: mwanzo, tangazo moja, orodha ya matangazo, ukurasa wa kawaida, utafutaji, 404. Washa thimu mpya kwenye nakala, ulinganishe na picha moja baada ya nyingine. Kila kilichopotea, jiulize kilikuwa kinakaa wapi: kwenye faili la thimu, kwenye kanzidata, au kwenye plagini. Ukishapata jibu, kazi yenyewe ni ndogo. Wiki mbili zinatosha bila kukesha. Na siku ya kubadilisha kweli iwe asubuhi ya Jumamosi, ukiwa na siku nzima mbele yako, na isiwe wiki ya matokeo wala ya fomu.

Sasa nijibu haya, hata kwa ujumbe mfupi. Nywila ya seva anayo nani, wewe au yule fundi wa kwanza? PHP iko toleo gani, na WordPress je? Thimu ya sasa ni ya kununua, au aliiandika mwenyewe, na kuna thimu-mtoto, ile inayobeba marekebisho tu, juu yake? Kurasa zilizojengwa kwa ile plagini ni ngapi hasa? Tarehe ya kufungua shule umeshaijua? Mwalimu Komba umemwahidi Ijumaa kwa maandishi, au mliongea tu? Kama mliongea tu, mpigie kesho asubuhi uombe wiki mbili. Nitumie functions.php usiku huuhuu ukiweza, niisome nikiwa kwenye mwendokasi kesho. Na ile chaja yangu bado iko kwako?

Mfikishie mama shikamoo yangu. Salamu kwa Zainabu na watoto.

Ni mimi nduguyo,
Baraka