Barua kwa wenye maduka na magenge walioingiliwa na maji Kilwa na Lindi

Wanangu wafanyabiashara,

Poleni sana. Najua wengine bado mnatoa tope kwa jembe na ndoo, na mnaposoma haya mikono haijakauka. Nitasema yale ninayoona yana haraka.

Pwani hii haikuanza jana kupigwa. Wazee waliotulea walikisimulia kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Ninyi wenyewe mmeyaona mafuriko ya Januari 2020, kisha Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zikaikata barabara ya Dar es Salaam huko Somanga, abiria na mizigo vikakwama. Kila mara yapo maduka yanayofunguliwa tena, na yapo yanayobaki na kufuli. Mengi ya hayo yenye kufuli nimeona yakimalizwa na mkopo uliochukuliwa wiki ile ile ya maji.

Nasema mikopo ya kausha damu. Anakuja kijana na fomu, anakupa pesa siku hiyo hiyo bila maswali mengi, na rejesho linaanza wakati duka halina hata kiberiti cha kuuza. Unaanza kulipa kwa mtaji, si kwa faida. Ukichelewa wanabeba friji, wanabeba kitanda. Nawaomba, tena nawasihi, msiweke sahihi kwenye karatasi hizo mkiwa bado na uchungu.

Mtaji wenu wa kwanza ni daftari la madeni. Huku kwetu pesa inaonekana korosho zikishauzwa, kuanzia Oktoba hivi, mnada ukipita na AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zikalipa. Waliochukua sukari na sabuni tangu masika wanangoja hapo, nanyi pia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililolowa bado ni mali. Msilibandue kwa nguvu. Liwekeni kivulini penye upepo, pitisheni vipande vya gazeti kavu katikati ya kurasa, badilisheni kila vinapolowa. Ukurasa ukiachia, upigeni picha kwa simu hapo hapo kabla wino haujafifia. Kisha mpitieni kila mdaiwa, kwa upole, mkubaliane upya kiasi anachodaiwa. Naye huenda maji yamemwingilia.

Daftari likisomeka, nendeni nalo kwa mwenye duka la jumla. Nendeni wenyewe, msipige simu. Mwonyesheni mnachodai na mnachodaiwa, mlipeni japo kidogo katika deni la zamani, ndipo muombe mali kauli, yaani ya kulipia baadaye: chumvi, sabuni, mchele, mafuta ya kupima, vitu vinavyotoka kila siku. Meza moja mlangoni yatosha kuanzia. Mteja akikuta pamefungwa wiki tatu anazoea duka jingine, na kumrudisha ni kazi.

Mali iliyolowa msiuze. Gunia la unga hukauka juu likawa zuri kwa macho, ukitia mkono ndani unakuta mabonge na harufu ya uvundo. Hilo ni la kutupa, pamoja na dawa na makopo yaliyovimba au kutoboka. Linauma, najua. Lakini watakaokula ni watoto wa mtaani kwenu.

Kabla ya kutupa, pigeni picha na andikeni orodha: kitu, idadi, bei ya kununulia. Pelekeni nakala kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji na kwa mtendaji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi hiyo, na tathmini huanzia huko. Nakala nyingine nendeni nayo TRA, Mamlaka ya Mapato, mueleze hali yenu kabla tarehe ya kulipa kodi haijapita. Mwenye bima asiguse kitu kabla hajaiarifu kampuni ya bima. Umeme msiwashe mpaka fundi akague nyaya, na friji iliyozama isichomekwe.

Mama lishe na wengine mlio kwenye vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa, itisheni kikao. Kusimamisha marejesho kwa mwezi mmoja au miwili kuamuliwe na wanachama wote na kuandikwe, kusiwe kwa kunong'onezana na mweka hazina. Mfuko wa jamii mliouchangia ulikuwa wa siku kama hizi. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu muulizeni afisa maendeleo ya jamii juu ya mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Haina riba, ila huchukua muda na kikundi lazima kisajiliwe, kwa hiyo anzeni sasa.

Nanyi wenye jumla ambao maji hayakuwafikia: hawa ndio waliowauzia mali miaka yote. Wakija na madaftari yao yenye madoa ya tope, wapeni nafasi hadi malipo ya korosho yatoke.

Mzee wenu,
Lindi