Msitupe kabureta za pikipiki za zamani, fungueni kwanza muone

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na mafundi pikipiki, na sisi pia tunaowapelekea pikipiki, maana hili jambo linaniuma na naona linazidi kuenea. Siku hizi pikipiki ya zamani ikianza kuzimazima au ikikosa sailensi, yaani haitulii ikiunguruma bila resi, jibu ni moja tu, toa hiyo kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, weka mpya. Hakuna anayefungua kuangalia. Inatolewa, inarushwa kwenye boksi la vyuma chakavu, inafungwa ya Kichina ya pikipiki za CG125, mteja analipa anaondoka kafurahi, baada ya muda injini imekamata na hakuna anayekumbuka tena ilianzia wapi.

Mimi imenikuta. Marehemu baba alikuwa bwana shamba huku Iringa na alituachia Yamaha AG100, ile yenye keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili, na cheni iliyofunikwa isiingie matope, na hiyo AG yenyewe ni kwa ajili ya kilimo, ilitengenezwa kwa kazi za shamba. Baada ya msiba ilikaa miaka miwili kwenye banda haijawashwa. Nilipoitoa ikawa inapiga kiki inashika, ukiachia resi inazima. Nikampelekea kijana mmoja mjini, hata hakuichungulia, akasema "mzee hiyo kabureta imeshakufa, spea zake hazipo". Nikamwamini.

Sasa AG100 ni tustroki, inaunguza oili pamoja na petroli, na Yamaha tangu mwaka 1964 walianza kuweka pampu ndogo ya oili ili mtu asihangaike kuchanganya mwenyewe kwenye tangi. Waya wa resi unatoka mkononi mmoja halafu unagawanyika, mmoja unaenda kabureta na mwingine unaenda kwenye hiyo pampu, ukivuta resi nyingi na oili inaongezeka. Kabureta ya CG haikukaa sawa na ule waya, kijana akaufunga wa kabureta peke yake, wa pampu akaukunja pembeni, kwa hiyo pampu ikabaki inatoa oili ya kiwango cha chini kabisa hata nikiwa napanda mlima na magunia mawili ya mahindi. Mpira unaounganisha kabureta na injini nao haukuenea, akazungushia tyubu ya baiskeli na kukaza kwa waya. Hewa ikawa inaingia pale. Na jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli, ni za fostroki, injini inayovuta mara moja kila mizunguko miwili, wakati tustroki inavuta kila mzunguko, hesabu yake ni nyingine kabisa. Yaani petroli kidogo, hewa nyingi, oili kidogo. Pistoni ikakamata kwenye silinda nikiwa njiani, tairi la nyuma likajifunga ghafla, namshukuru Mungu nilikuwa mwendo mdogo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa kijijini kwetu ambaye alitengeneza pikipiki za idara tangu enzi hizo. Nilipomwamkia na kumweleza, swali lake la kwanza lilikuwa, "mwanangu, ile kabureta yenyewe iko wapi?" Bahati nilikuwa nimeidai, ilikuwa nyumbani kwenye mfuko wa rambo. Akaifungua mezani. Bakuli lake la petroli lilikuwa na utando wa njano kama gundi, ndiyo petroli ikikaa muda mrefu inakauka inaacha ule uchafu, na tundu la jeti ndogo ya sailensi lilikuwa limeziba kabisa. Hiyo tu! Kabureta haikuwa imekufa, ilikuwa chafu.

Alivyoisafisha nataka vijana wasome taratibu. Alitoa vipande vyote vya mpira na oringi akaweka pembeni, vya chuma akaviloweka kwenye petroli safi usiku mzima. Asubuhi akazibua jeti kwa ujiti wa fagio la chelewa, siyo waya wa chuma, siyo sindano ya kushonea, kwa sababu jeti ni shaba laini na tundu lake lina kipimo, ukikwangua hata kidogo tundu limekuwa kubwa na namba iliyoandikwa pale imekuwa uongo. Halafu akapuliza kila njia kwa pampu ya baiskeli, akitazama hewa inatokea upande wa pili. Akaangalia ncha ya sindano ya boya, lile linaloelea kwenye bakuli na kufunga petroli likijaa, kama ina mkwaruzo wa kuzunguka, maana ikiwa nao petroli haitafungwa itakuwa inamwagika. Na boya ukikutana nalo la shaba, litikise sikioni, ukisikia petroli ndani limetoboka, ulikaushe, ulizamishe kwenye maji ya moto mbali na jiko, pale panapotoa mapovu ndipo penye tundu, unaziba kwa risasi kidogo sana kwa sababu boya likiwa zito linazama na bakuli linajaa kupita kiasi.

Silinda ilibidi ichongwe na pistoni mpya iwekwe, hiyo ndiyo gharama ya kutofungua kabureta, lakini kabureta ile ile ya kampuni ya Mikuni ilirudi na waya wa pampu ukarudi mahali pake. Tukatembea kilomita kama ishirini hivi mzee akafungua plagi akanionyesha, ilikuwa kahawia kama chai ya maziwa. Akaniambia ikiwa nyeupe injini inakufa kwa njaa, ikiwa nyeusi yenye masizi inashiba mno. Ile aliyoikuta mwanzo ilikuwa nyeupe pe.

Sisemi kubadilisha kabureta ni kosa. Kuna wakati mwili wenyewe umelika, slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta resi, inacheza ndani kwa sababu ya miaka mingi ya vumbi, hapo hata usafishe vipi hewa itapita pembeni tu. Ila kuna namna ya kubadilisha. Upana wa koo la kabureta usipishane sana na wa zamani, mpira ushike wenyewe bila tyubu, waya ufungwe wote, na jeti uanze na kubwa ukishuka kidogo kidogo huku unasoma plagi, usianze na ndogo kwenye tustroki hata siku moja. Na usinunue jeti kwa kuangalia namba peke yake, namba 100 ya Mikuni na namba 100 ya kampuni ya Keihin siyo lazima liwe tundu moja, hawa wanapima tofauti. Halafu ile sindano inayoning'inia kwenye slaidi ina vijino kadhaa na klipu, ukishusha klipu sindano inapanda petroli inaongezeka, ukipandisha klipu inapungua, wengi wanafanya kinyume wanashangaa. Hata mahali unapoishi panahesabika, sisi huku tuko zaidi ya mita 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, jeti inayokaa vizuri Dar huku inaweza kutoa moshi na kunywa petroli bure.

Na hili la "spea hazipo" tulichunguze. Mikuni za muundo ule wa VM bado zinatengenezwa mpaka leo, na gasketi na sindano za boya ukizunguka unazipata. Wenzetu Uingereza bado wanatengeneza kabureta za Amal kwa ajili ya BSA na Triumph, pikipiki zenye miaka zaidi ya hamsini, na Mikuni hao hao walijifunzia kwa leseni ya Amal. Kwa hiyo umri siyo sababu.

Ninachoomba kwa mafundi ni mambo mawili tu. Fungua bakuli kabla hujamwambia mteja anunue, ni skrubu chache. Na ukibadilisha, mrudishie kabureta yake mkononi hata kama hajaiulizia. Kwa Mhariri, ningeomba gazeti liwape nafasi hawa wazee waliotengeneza Honda XL na AG na DT za idara, waeleze wenyewe kwa maneno yao wakiwa bado wana nguvu, huyu wa kwetu macho yameanza kumsumbua na hana mwanafunzi.

Na kama kuna msomaji ana mwili wa kabureta ya AG100 kwenye boksi anataka kuuza kwa kilo, naomba asiuze. Namba yangu nimeiacha ofisini kwenu, nitaifuata popote ilipo.

Wenu,
Mtoto wa bwana shamba, Iringa