Mfumo wa jua ufichwe mitaani Arusha, wanafunzi wautafute

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe pendekezo kwa walimu wenzangu wa jiografia na fizikia, na kwa uongozi wa Jiji la Arusha, kuhusu namna ya kufundisha umbali wa sayari bila kutegemea michoro ya vitabuni. Michoro hiyo hulazimika kuzibana sayari zote nane katika ukurasa mmoja, na mwanafunzi humaliza kidato cha nne akiamini kwamba Neptuni iko jirani tu na Zohali.

Njia ninayoipendekeza ni mchezo wa jiokeshingi, ulioanzia jimbo la Oregon, Marekani, tarehe 3 Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kiraia. Mtu huficha chombo chenye daftari dogo na penseli, hutangaza latitudo na longitudo zake kwenye intaneti, na wengine hukitafuta kwa simu zao, huandika majina, kisha hukirudisha palepale. Wapo wachezaji waliofuatanisha vyombo hivyo wakavigeuza kuwa mfumo wa jua, kila chombo kikiwa sayari na umbali wote ukifuata kipimo kimoja.

Wazo la kupanga sayari katika nchi halisi si geni. Sweden wanao mfano wa moja kwa milioni 20, ambamo Jua ni ukumbi wa mviringo wa Stockholm wenye kipenyo cha mita 110 na Pluto iko Delsbo, umbali wa kilomita 300 hivi. Katika mji wa York, Uingereza, sayari zimepangwa tangu mwaka 1999 kando ya njia ya baiskeli iliyopita juu ya tuta la reli ya zamani. Sisi hatuhitaji gharama za namna hiyo, kwani vyombo vya plastiki vyenye vifuniko vya kubana vinatosha.

Kipimo ninachokiona kinafaa ni moja kwa milioni 250, ambapo kila kilomita milioni moja ya angani inakuwa mita nne ardhini. Sababu ya kwanza ni ya kikanuni: mtandao mkuu wa mchezo huu hauruhusu vyombo viwili kukaribiana chini ya mita 161, na katika kipimo hiki nafasi iliyo finyu kuliko zote, kati ya Zuhura na Dunia, inakuwa mita 166 hivi, hivyo tunapona kwa mita tano tu. Sababu ya pili ndiyo iliyonivutia zaidi. Mwanga, ukipunguzwa kwa kipimo hicho, husafiri mita 1.2 kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mwanafunzi akitoka kwenye Jua akatembea hivyo, atafika kwenye chombo cha Dunia baada ya dakika nane na kidogo, sawasawa na muda unaotumiwa na mwanga wenyewe, na akitaka kufika Neptuni itamchukua zaidi ya saa nne.

Tuseme Jua ni duara la mita 5.6 lililochorwa ukutani karibu na Mnara wa Saa. Utaridi itakuwa mita 232 kutoka hapo, Zuhura mita 433, Dunia mita 598 na Mirihi mita 912. Hizi nne ziwekwe katika mtaa mmoja ulionyooka, ili darasa zima lizipitie kwa mpangilio na kukuta ndani ya chombo cha Dunia tufe lenye ukubwa wa ndimu. Baada ya Mirihi, hata hivyo, hakuna kitu mpaka kilomita 3.1 ilipo Mshtarii, na utupu huo ndio somo lenyewe. Tufe la Mshtarii lina sentimita 57 na haliingii chomboni, kwa hiyo ndani yake pakunjwe duara la kitambaa lenye kipenyo hicho. Zohali itakuwa kilomita 5.7, Uranusi kilomita 11.5 na Neptuni kilomita 18. Hizi za mbali si lazima zifuate barabara kuu ya Moshi, yenye malori na pikipiki za kutosha kumtia hofu mzazi yeyote, maana hata angani sayari hazijipangi mstari mmoja. Lililo muhimu ni umbali wa moja kwa moja kutoka kwenye Jua, ambao simu huonyesha yenyewe.

Kwa Pluto, iliyoondolewa katika orodha ya sayari mwaka 2006, kiwekwe chombo cha ziada ambacho mahali pake panajulikana tu kwa kukusanya tarakimu zilizoandikwa ndani ya vile vinane. Njia yake angani imerefuka upande mmoja, hivyo waandaaji wana uhuru wa kukiweka popote kati ya kilomita 17.8 na 29.5.

Nina hofu mbili. Chombo cha chuma kitauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kabla ya wiki kwisha, na cha plastiki kikionekana kitaishia jikoni kwa mtu. Kwa hiyo vifichwe katika viwanja vyenye wenyewe, kwa ridhaa yao. La pili ni zito zaidi. Mji huu ulipigwa mabomu mwaka 2013, kanisani na katika mkutano wa hadhara, na hakuna atakayemlaumu mwananchi anayekimbia kuita polisi anapoona kisanduku kimechomekwa chini ya kalavati. Vyombo viwe vya kuonyesha vilivyomo ndani, viandikwe kwa Kiswahili kwamba ni vya mchezo wa kujifunza pamoja na namba ya simu ya mwalimu mhusika, visiwekwe kwenye madaraja wala karibu na kambi za jeshi, na orodha ya mahali vilipo ikabidhiwe kwa watendaji wa kata na kituo cha polisi kabla ya kutangazwa.

Ninachoomba kwa Jiji ni kibali cha kuchora lile duara la Jua na barua ya kuwatambulisha walimu kwa watendaji hao. Shule zilizo tayari kutunza sayari moja moja zinaweza kuanza na zile nne za mjini wakati wa likizo ijayo, ili kasoro zijulikane kabla hatujaenda hadi Neptuni.

Mwalimu wa jiografia,
Arusha.