Draiva ya hifadhidata ifunguliwe mara moja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wa Tanga wanaoandika programu za kufuatilia mazao kwa kutumia hifadhidata ya grafu, yaani ile inayohifadhi vitu na uhusiano kati yao, hasa Neo4j. Kazi hiyo inaifaa grafu sana: mkulima wa machungwa wa Muheza, mnunuzi, lori na soko vinakuwa nodi (vituo vya grafu), na kila mauzo ni uhusiano kati yao. Mfumo wa namna hii ukikwama watumiaji wanapoongezeka, kabla ya kuilaumu intaneti tazameni kwanza draiva, yaani kipande kinachoiunganisha programu yenu na hifadhidata.

Draiva ni kitu kizito. Huongea na seva ya hifadhidata kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya Bolt, poti 7687, hukaguliwa jina na nenosiri, kisha hutunza akiba ya miunganisho, kwa kawaida isiyozidi 100 kwa kila seva. Kuifungua upya kwa kila ombi ni kujenga gati jipya kila jahazi linapotia nanga. Ifunguliwe programu inapowashwa, itumiwe na sehemu zote, ifungwe programu inapozimwa. Kwa Python, iteni verify_connectivity, amri ya kujaribu muunganisho, mara tu baada ya kuifungua, maana bila hivyo nenosiri baya halitajulikana mpaka swali la kwanza litumwe.

Kinachofunguliwa na kufungwa kila mara ni sesheni, yaani mazungumzo mafupi na hifadhidata kupitia draiva. Hiyo ni nyepesi, ila nyuzi mbili za programu (kazi zinazoendeshwa sambamba) zisiitumie kwa pamoja. Yasomeni majibu yote kabla ya kuifunga. Na ikisahauliwa wazi katikati ya kazi, hushikilia muunganisho. Akiba ikiisha, ombi linalofuata husubiri hadi sekunde 60, kisha hurudi na kosa.

Jambo linaloniuma zaidi ni fedha za wakulima. Kazi ya kuandika data inayopitia execute_write, amri ya sesheni, hurudiwa na draiva yenyewe seva ikiyumba, hadi sekunde 30 hivi. Huo ni msaada mkubwa, lakini mkiweka ndani yake amri ya kutuma malipo au SMS, amri hiyo nayo itarudiwa, na mkulima mmoja atalipwa mara mbili. Malipo yakae nje, baada ya muamala wa hifadhidata kuthibitishwa. Vilevile MERGE, amri ya kutafuta nodi na kuiunda isipokuwepo, peke yake haizuii nodi pacha maombi mawili yakiingia kwa wakati mmoja. Wekeni sharti la upekee kwenye namba ya simu, ili namba moja isiwe na nodi mbili. Namba yenyewe ipitishwe kama kigezo, $simu, isiunganishwe ndani ya maandishi ya swali, la sivyo mtu mwenye nia mbaya ataingiza amri zake humo.

Anayetaka kuukagua mfumo wake aendeshe CALL dbms.listConnections(), amri inayoorodhesha miunganisho iliyo wazi, huku watu wakiutumia. Idadi ikipanda kila ukurasa unapofunguliwa na isishuke, basi huenda draiva inafunguliwa ndani ya ombi, au sesheni zinasahauliwa wazi.

Mwandishi wa programu,
Chumbageni, Tanga