Beta si kuku, acheni kumpa mkate

Mhariri, naomba kanafasi kwenye safu ya barua. Mi niko Majengo hapa Moshi, nina samaki wa beta, dume, wa bluu, mwanangu anamwita Chuma. Nilivyomnunua muuzaji akaniambia we mpe tu makombo ya mkate au ugali, nikaamini, wiki ya pili tumbo limemvimba kama puto, amelala ubavu chini ya tenki, hata kupanda juu kuvuta hewa ni shida, na beta lazima apande maana anavuta hewa ya juu kama sisi.

Kumbe huyu anakula nyama! Kwao Thailandi anaishi kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi, anakula wadudu na viluwiluwi vya mbu. Mkate wa nini sasa? Nikamfungisha siku mbili, nikambadilishia maji, akarudi taratibu.

Sa hivi nina ndoo nyuma ya nyumba, maji na majani makavu basi, mbu wanakuja kutaga wenyewe, navua na chujio la chai (mama watoto alinuna mpaka nikanunua lingine). Mngemwona anavyowinda! Anatulia tuli, anamkodolea kiluwiluwi aliyening'inia kichwa chini, mkia unatetemeka kidogo, alafu paa, kameza. Wanne watano wanatosha, tumbo lake ni dogo sana, ukimshibisha kama mgeni wa Krismasi unamuua.

Najua majirani watasema nafuga malaria, na wana haki ya kuuliza. Nikishaona mayai tu nafunika ndoo na kipande cha chandarua nafunga na mpira, na siku ya tano inayobaki yote namwaga kwenye udongo mkavu, sio mtaroni, maana kwenye joto kiluwiluwi anakuwa mbu ndani ya wiki hivi. Kama huwezi hiyo kazi usianze kabisa, nunua chakula cha punje cha beta.

Alafu msichote kwenye mitaro ya gereji, ile ni oili, wala majaruba ya Mabogini yanakopigwa dawa. Na ukimchoka samaki wako usiende kumwachia huko, mpe mtu.

Mhariri, kila wiki kuku, kila wiki nguruwe. Na sisi wa samaki wa mapambo tupeni hata robo ukurasa, na wauzaji nao wasome.

Msomaji wenu, Moshi